Tawi Mlangoni mwa Kijito

Rukia mwanangu,

Salamu tumepeana asubuhi, na kesho gatini Nyamisati utazipata za kila mtu mpaka uchoke kuitika, kwa hiyo mimi naziruka. Naanza na lile ambalo mdomo wangu umeshindwa kulisema tangu ulipokuja kutuaga: naogopa. Kila nikijaribu kukwambia unacheka, unanishika mabega, unaniambia, "Mama na wewe, siku hizi simu zipo." Karatasi haicheki. Ndiyo maana nimeikimbilia.

Ninavyoandika ni alasiri. Umevuka kwenda kuwaaga wa upande wa shangazi yako, na baba yako yuko uani anaufunga mzigo wako kamba kama anafunga gunia la mpunga. Nimemwambia begi lina zipu na kufuli. Kanijibu kwamba zipu si kitu cha kuamini. Nimemwacha, maana najua anachokifanya pale si kufunga begi. Naye anaogopa, ila yeye amepata kamba, mimi nimepata kalamu.

Sitakuandikia habari za kula, kuswali na kuvaa nguo nzito. Hayo nimekwambia miaka yote, na kama hayajaingia basi hayataingia leo. Nataka nikwambie ninachokiogopa hasa, kwa sababu wewe unafikiri naogopa ndege, au baridi ya huko Uturuki, au watu ambao hujui lugha yao. Hivyo naviogopa pia, sikatai. Lakini kipo kimoja kikubwa kuliko vyote, na nitakifikia polepole kwa sababu nikikisema mara moja utakiona kidogo.

Sijui mawe yalikupatia wapi. Hapa Maparoni mtu anaweza kuzaliwa, akaolewa, akazeeka, asiokote hata kokoto la kumtupia kuku. Ukichimba ni tope, ukizidi kuchimba ni tope jingine la rangi nyingine. Mafiga yetu matatu unayajua yalikotoka: bibi yako aliyaleta alipoolewa, kutoka kwao upande wa Nyamwage, akayapakia mtumbwini na nguo zake, na watu wa hapa wakamcheka kwamba bibi harusi amekuja na shehena ya mawe. Alicheka nao. Baadaye walikuja kuyaazima.

Na wewe, hata shule hujaanza, ukachukua mchi ukalipiga figa moja mpaka likapasuka vipande viwili. Nilikukuta umechuchumaa umeshika kipande, unakitazama upande wa ndani. Sikukuuliza kitu. Nilikuchapa kwanza. Ulipomaliza kulia ukasema, "Nilitaka nione ndani kukoje." Nikakuchapa tena kwa jibu hilo, maana niliona ni ujeuri. Leo watu wazima kutoka nchi za mbali wanakugharamia ukaangalie ndani ya mawe kukoje, na mimi kila nikiinjika chungu nakiona kile kipande nilichokiunga kwa udongo, naona aibu na najicheka papo hapo. Siku ile nilikuwa naliangalia figa. Ningekuangalia wewe ningejifunza kitu mapema.

Likizo iliyopita ndipo nilipokuelewa kidogo. Ulinitolea begini kipande cha mwamba, kijivu, chenye madoa meupe makubwa makubwa, ukasema unaitwa porfiri, na kwamba shaba nyingi ya dunia, ile ya nyaya za umeme, inatoka penye miamba ya namna hiyo. Nikakuuliza jiwe na nyaya vinahusiana nini. Hukunijibu kisomi. Ulikwenda jikoni ukachukua ile chumvi tuliyoianika juani na ile niliyoichemsha kwa moto mkali, ukanitilia viganjani, moja kulia, moja kushoto.

"Mama, ya juani ina punje kubwa kwa nini?"

Nikasema kwa sababu imekauka polepole. Ya moto imekuwa unga kwa sababu imeharakishwa. Hilo kila mwanamke wa hapa analijua.

Ukasema basi mwamba huu umepitia yote mawili. Ulikuwa mawe yaliyoyeyuka, mazito, chini sana ya ardhi. Ukakaa huko ukipoa taratibu, punje nyeupe zikakua. Halafu ukasukumwa kuja juu kwa ghafla, na ule uji uliobaki ukaganda upesi kabla punje zake hazijapata nafasi ya kukua. Nilikitazama kile kipande nikaiona habari yote pale. Nilifurahi, usidhani sikufurahi. Nilijisikia kama mtu aliyesomewa barua iliyokaa miaka ndani ya nyumba bila kufunguliwa.

Nikakuuliza, na shaba je? Ukasema shaba ililetwa na maji. Hapo nilikaa vizuri, maana maji ni yetu. Ukaeleza kwamba yale mawe yaliyoyeyuka yana maji ndani yake, na yanapoganda maji yanakosa pa kukaa. Yanajikusanya juu, yanabana, yanasukuma, mpaka siku moja mwamba uliofunika juu unapasuka nyufa kila upande. Maji yanatoka mbio kwenye zile nyufa, ya moto kupita kiasi, ya chumvi kupita ya bahari, yamebeba shaba na wakati mwingine dhahabu. Yakipanda yanapoa, na yakipoa yanashindwa kubeba, yanaitua shaba humo humo kwenye nyufa. Nyufa zinaziba. Maji yanabana tena, mwamba unapasuka tena, na tena. Ndiyo maana shaba yenyewe haikai mahali pamoja kama mtu alivyoweka akiba, imetawanyika mlima mzima, vijistari vyembamba vinavyopishana, na kwenye ndoo ya mawe unapata kidogo tu. Mimi siku zote nilidhani madini hulala chini kama gogo, unalikuta unalitoa.

Ulieleza vizuri. Ila uliposema mwamba unapasuka, wewe ulikuwa unatabasamu, mimi nilishakiweka chini kile kipande. Nikauliza kama bado inapasuka. Ukasema hapana mama, hayo ni ya kabla ya binadamu, ile ilikuwa bahari, sakafu yake ikazama chini ya nchi kavu, mambo yalishakwisha. Nikauliza matetemeko ya huko Uturuki yanayotangazwa redioni ni ya nini basi. Ukasema nchi ile bado inasukumana. Halafu ukaniuliza kama chai iko tayari.

Nimekulea mimi, Rukia. Ukibadilisha maneno najua.

Lakini hata tetemeko silo ninalotaka kulisema. Ninalotaka kulisema limo kwenye kazi yenyewe, ile uliyonieleza kesho yake tukichambua dagaa. Nilikuuliza mnajuaje mlima upi wa kuchimba kati ya milima yote. Ukasema mara nyingi mnaanza na mto. Mnafika pale kijito kinapoungana na kingine, mnachota tope la chini, mnalifunga kwenye mfuko, linapelekwa kupimwa. Kama upande wa kushoto tope lina shaba kuliko wa kulia, mnafuata wa kushoto. Mkifika penye njia panda nyingine mnachota tena. Mnapanda hivyo hivyo, vijito vinazidi kuwa vyembamba, mpaka mnafika kwenye mlima ambako shaba inatoka. Na kila mlipochota mnafunga utepe wa rangi ya waridi kwenye mti au kichaka, ili anayekuja nyuma ajue mmepita.

Ukacheka ukasema, "Kumbe nimesoma miaka yote hii nirudi kuchota tope, mama. Na tope letu hapa ni milima ya watu iliyosagwa ikaletwa na mto."

Hilo neno nimelipenda mno. Nikienda shambani sasa naliangalia tope la mpunga kwa heshima kidogo.

Ukaniambia na rangi. Kwamba mlima wenye shaba hujipaka rangi kwa mzunguko: katikati mwamba una wekundu hafifu na weusi unaometa, unaofuata umepauka umekuwa laini kwa yale maji moto, na mbali zaidi umeingia ukijani. Na juu kabisa mvua imeutia kutu, shaba ya pale juu imechujwa ikashuka chini kusikoonekana. Ukasema wageni wa kazi hukimbilia panapong'aa, kwenye ule mwamba uliopauka, kwa sababu una vidonge vinavyometameta kama dhahabu na si dhahabu. Kumbe kile kinachong'aa ni ukuta, chumba chenyewe kiko ndani zaidi. Ukanisimulia mmoja wenu aliyewafanya watoboe pasipo na kitu, akabaki anatetea shimo lake badala ya kusema nimekosea. Ukasema mashimo mengi hayana kitu, na kila shimo tupu linapunguza mahali pa kutafuta. Nilipokusikia unasema hivyo nilijua umekomaa. Mimi nilichelewa sana kuliweza neno la nimekosea, waulize wa nyumba hii.

Nikawa nimeanza kutulia. Kisha ukanisimulia kisa cha nyundo, na tangu hapo sijatulia.

Nakirudia kama ulivyokisimulia, ukisikie kwa sikio langu. Mlikuwa mazoezini huko bara milimani. Kambini kuna ubao; anayetoka anaandika jina lake na upande anaokwenda, akirudi anafuta. Ulirudi, ukafuta. Halafu ukakumbuka umeacha nyundo yako pale mlipochota tope la mwisho. Ukasema moyoni si mbali, nakwenda mara moja. Hukuandika tena. Ukungu ukashuka, ukateleza, kifundo cha mguu kikateguka, ukakaa chini ya jiwe huoni mbele wala nyuma. Kambini kila mtu alijua Rukia yupo, jina limefutwa. Aliyekukumbuka ni mama mpishi, kwa sababu sahani yako ilibaki imefunikwa. Akauliza huyu hali? Ndipo wakatoka.

"Nimeokolewa na wali maharage, mama," ukasema, na baba yako akacheka, na wewe ukacheka mpaka ukashika mbavu.

Mimi niliinuka nikasema naenda kuangalia kuku. Hakukuwa na kuku wa kuangaliwa. Nilikwenda nyuma ya jiko nikakaa chini.

Sasa nikwambie kwa nini. Hili hujawahi kulisikia. Watu wazima wa hapa wanalijua, lakini nilikuwa sipendi litajwe, na kwa hisani yao hawakulitaja.

Unajua tunavyofanya tukiingia mikokoni kutafuta kaa. Nakueleza tena kwa sababu ulikwenda kusoma Kibiti ukiwa mdogo, na wenzako wa siku hizi wanaingia na simu wakidhani inatosha. Maji yakipwa, mtu anayeingia kijito anakata tawi, analichomeka kwenye tope pale mlangoni, analifunga kitambaa chake. Maana yake fulani yumo. Akitoka analichomoa. Maji yakianza kujaa na tawi bado limesimama, yeyote anayepita anajua kuna mtu ndani na anajua ni kijito kipi. Haulizi, anaingia. Vijito vyetu vinafanana kama vidole, na bila tawi hujui uanzie wapi.

Wewe ulikuwa unanyonya. Nilikuacha kwa bibi yako nikaenda na wanawake wenzangu, mtumbwi mmoja. Tulipata kaa, tukatoka, kila mmoja akachomoa tawi lake. Mimi nikawaambia tangulieni, baba Rukia atapita hapa akitoka shambani, nitapanda naye. Wakaondoka. Nikatazama tenga langu nikaona kulabu yangu ya kutolea kaa mashimoni haimo. Nilikuwa nimeisahau kwenye shimo la mwisho. Nikasema ni pale pale tu, naichukua narudi. Tawi nilikuwa nalo mkononi, Rukia. Nililiweka chini juu ya tenga, sikulichomeka. Niliona ni kujisumbua kwa safari fupi namna ile.

Kulabu niliipata. Nikiwa nageuka mguu ukaingia kati ya mizizi, ukazama mpaka gotini na tope likaukamata. Kadiri nilivyovuta ndivyo mwingine ulivyozama. Nilichimba kwa mikono, nikachimba kwa kulabu, na nilipoutoa maji yalikuwa yameshaingia kijitoni na kulibeba tenga langu, na tawi juu yake. Nikapanda mkoko. Nikakaa pale juu maji yakipanda chini yangu, maziwa yananitoka yenyewe yanalowesha kanga, kwa sababu ulikuwa wakati wako wa kunyonya.

Baba yako alipita. Nilimsikia akiimba, unajua anavyoimba akiwa peke yake. Niliita. Mikoko inakula sauti, na yeye alikuwa anaimba. Akaangalia mlangoni, hakuna tawi, akajua nimeondoka na wanawake. Wanawake walifika nyumbani bila mimi wakajua niko na mume wangu. Bibi yako aliwaona wametulia, naye akatulia. Hakuna aliyekosa. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri ya kutonitafuta, na sababu zote niliwapa mimi.

Alipofika nyumbani ndipo wakaulizana. Akarudi mbio. Nikamsikia tena, safari hii akiniita jina langu. Lakini tawi halipo, na vijito vingi. Akaingia kingine. Niliisikia sauti yake ikienda mbali, mbali zaidi, mpaka nikawa siisikii. Hofu niliyoipata pale sijawahi kuipata tena mpaka siku ya kisa chako cha nyundo. Maji yenyewe hayakunitisha namna ile. Kilichonitisha ni kumsikia mtu anayenipenda ananitafuta kwa nguvu zake zote, mahali nisipokuwepo.

Maji yalipopwa nilishuka nikatoka kwa miguu yangu, jua bado lipo. Nilimkuta mlangoni, macho yamekuwa mekundu. Hakunifokea. Alisema tu, "Nimepita hapa. Tawi halikuwepo. Nikajua umetoka."

Maneno hayo ninayo hadi leo. Angenifokea ningekuwa nimeshasahau.

Basi uliposema ulifuta jina ukarudia nyundo, nilijiona mimi. Nimekupa macho yangu na meno yangu yenye pengo, na kumbe na hili nimekupa, la kusema si mbali, nakwenda mara moja. Sijui kama kitu kama hicho kinarithiwa. Wewe ndiye msomi. Lakini ndicho ninachokiogopa. Siogopi kwamba utakwenda milimani. Naogopa kwamba utarudi salama, kila mtu aone umerudi, halafu utakumbuka kitu kidogo. Huko kuna theluji, kuna ukungu, kuna milima iliyopasuka ndani kwa ndani, na sijui kama wapishi wa huko wanaangalia sahani.

Nikuambie na jingine moja kabla sijafika mwisho, maana nalo ni la woga, ila si wangu peke yangu. Walipokuja wale watu wa kupima gesi, wewe uko bwenini, walipita na nyaya zao kwenye mpunga wetu. Tuliwauliza wanafanya nini. Wakasema, "Tunapima tu." Neno hilo lilitunyima usingizi kijiji kizima. Mmoja akasema tutahamishwa, mwingine akasema mto utafungwa. Mimi niliwafungia watoto wa jirani ndani siku nzima, na ilipobainika kwamba wale vijana walikuwa na adabu zao na kazi yao ya kawaida, niliona haya. Lakini hofu yenyewe haikuwa ya kijinga. Sasa wewe ndiye utakayeinama kwenye kijito cha mama wa watu, unachota tope, unafunga utepe. Atasimama mlangoni kwake akutazame. Usimwambie unapima tu. Mweleze kama ulivyonieleza mimi, kwa chumvi ikibidi, hata kama lugha haitoshi. Na kama kuna jambo la mlima wake ambalo hata nyinyi hamlijui, mwambie hamlijui. Tungeambiwa hivyo tungelala.

Nimesimamisha kalamu hapa nishuke dikoni, pale mitumbwi inapofungwa, kuosha vyombo maji hayajajaa. Nilikuwa nimepanga nikirudi nikuandikie ombi langu: kwamba kila ukitoka huko, hata kwa hatua chache, hata kwa nyundo, urudi kwanza uandike jina.

Nimerudi.

Pale kijito chetu kinapoingia mtoni kuna tawi limechomekwa. La mkoko, bichi, limezamishwa vizuri, si kwa mkono wa mtoto. Halina kitambaa. Lina utepe wa rangi ya waridi.

Nimesimama pale mpaka maji yamenifika vifundoni. Kisha nimekuja kumuuliza baba yako, ambaye bado ana kamba mkononi. Kaniambia bila kuniangalia, "Siku ile ulipotoka kwenda kuangalia kuku, Rukia aliniuliza mama ana nini. Nikamwambia." Nikamuuliza yote? Akasema yote. Nikamuuliza na maziwa? Akasema na maziwa. Halafu akasema, "Asubuhi kachukua mtumbwi wangu. Kaniambia, baba, mama asilichomoe."

Kwa hiyo yote haya niliyoyaandika ulikuwa unayajua. Umekaa nami siku zote hizi unayajua, unanicheka, unanishika mabega, na hukuniambia. Nimetaka nizichane hizi karatasi. Kisha nimesema hapana, ulisimuliwa na aliyekuwa anaita. Usikie na kwa aliyekuwa juu ya mti.

Usidhani woga umekwisha. Haujaisha, na sitakudanganya kwamba kesho nitasimama gatini nikicheka. Ila jana nilikuwa naogopa peke yangu, na leo nimejua kwamba hata wewe ulipoinama kulichomeka lile tawi uliogopa kidogo. Mtu asiyeogopa hachomeki.

Maji makubwa ya bamvua yatalisukuma, na wadudu watalila. Likianguka nitachomeka jingine pale pale, na utepe nitauhamisha. Ukichakaa nitafunga kanga. Akipita mtu akiniuliza nani yumo nitamwambia ni mwanangu, ameingia, hajatoka, na najua ni kijito kipi. Baba yako nimemwambia akipita pale asiimbe.

Siku utakayorudi, usipitilize boti kuja kunikumbatia. Nitakuwa nakuona kutoka dikoni, nitavumilia. Simama pale mlangoni kwanza, ushuke kwenye tope, ulichomoe mwenyewe.

Mama yako